Galula: Mto Usiofika Baharini

Ukisafiri kutoka Mbalizi kuelekea Mkwajuni, shuka Galula, Wilaya ya Songwe, ukautazame Mto Songwe. Usiuchanganye na somo yake ulio mpakani mwa Malawi, uingiao Ziwa Nyasa. Huu wa Galula humwaga maji yake Ziwa Rukwa, na safari yake huishia huko, kwa kuwa Rukwa halina mlango wa kutokea.

Bonde hilo lililofungwa ndilo asili ya perege wa Rukwa, wala hana asili kwingine duniani. Lakini wageni wamekwisha kuingia. Mmoja ni ngege, ambaye kwao ni Ziwa Victoria. Ajabu ni kwamba huko kwao ngege huyo amekuwa adimu, baada ya sangara na sato kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Sato hudhuru kwa njia mbili: hugombea chakula na mazalia, tena huzaana na perege wenyeji hata damu yao ya asili ikapotea.

Samaki mgeni akishaingia mtoni, hakuna wavu wa kumtoa peke yake. Basi kazi ya kumzuia ni ya kiangazi, kabla mto haujafurika: kingo za mabwawa ya kufugia ziinuliwe, na mifereji ya kutolea maji iwekewe chujio. Nawe mwenye jamaa kijijini, usimpelekee vifaranga vya samaki wa bonde jingine. Tukizembea, wajukuu zetu watamjua perege wa Rukwa kwa hadithi tu.