Tunda Liitwalo Mkristu Mwema

Babu yangu alikuwa boi wa jikoni kwa Mbelgiji mmoja, zamani mji wetu wa Lubumbashi ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, jina lililoachwa mwaka 1966. Mwaka jana alipougua hakutaka bukari wala samaki. Alitaka peasi. «Lile la manjano,» akasema, «linaloyeyuka kinywani.»

Ndugu msomaji, mpeasi haustawi kwetu. Mti huo wadai baridi ya majuma mengi ndipo uamke na kuchanua vema. Baridi yetu ya Juni na Julai ni ya usiku tu. Mapeasi ya madukani hutoka Afrika ya Kusini, yakipitia Kasumbalesa. Nikanunua manne kwa fedha za unga. Yalikuwa ya kijani, magumu kama mawe. Babu akajaribu kuuma moja, akanitazama, akalirudisha pasipo neno. Nikaona haya, na hasira pia. Mawili nikawapa watoto (wao waliyala vivyo hivyo!), la nne nikalisahau kabatini.

Sista mmoja mzee akanicheka. Peasi haliivi vema mtini, akasema. Ukiliacha huko, moyo wake huoza na nyama yake huwa na chembe kama mchanga. Huchumwa lingali gumu, likapumzishwa nyumbani, nalo huiva toka ndani kuja nje. Bonyeza karibu na kikonyo: pakilegea, liko tayari. Kumbe ni kama avoka! Si ajabu huko pwani wako waitao avoka pea.

Tunda lile lilikuwa Williams. Wafaransa huliita Bon Chrétien, yaani Mkristu Mwema. Wasimulizi husema kwamba Mtakatifu Fransisko wa Paola, katika karne ya 15, alimpelekea mfalme Louis wa 11 mpeasi wa jina hilo. Hiyo ni hadithi. Williams yenyewe ilianzia Aldermaston, Uingereza, karibu na mwaka 1770, kwa mwalimu wa shule. Lakini mimi nampenda zaidi Padre Nicolas Hardenpont wa Mons, Ubelgiji, aliyefariki mwaka 1774. Zamani zake mapeasi mengi yalikuwa ya kutafunwa kwa kelele. Yeye alipanda mbegu, akangoja miaka, akachagua, hata akapata nyama laini kama siagi.

Siku ya sita nikafungua kabati. Harufu ilinifikia kwanza. Babu alilila lote, maji yakimtiririka kidevuni, akaomba kitambaa. Kisha akauliza yale mengine yako wapi.