Ruvuma Utazame Ukiwa Newala

Njia za kuufikia Mto Ruvuma ni nyingi, ila kwangu pa kuutazamia ni pamoja tu: Newala. Ukitoka Masasi, ukiiacha milima yake ya mawe, Mkomaindo na wenziwe, gari linakwea uwanda wa Wamakonde katikati ya mikorosho. Ukifika Newala mjini ardhi inakatika ghafla. Wenyeji wanapaita Shimo la Mungu. Chini, mbali, ndiyo Ruvuma yenyewe. Kiangazi mchanga ni mwingi kuliko maji, mikondo miwili mitatu ikipishana katikati. Ng'ambo ni Msumbiji.

Kinachoshangaza ni kwamba watu wanaouona mto huu kila uchao wamehangaika na kiu vizazi na vizazi. Uwandani hakuna mito. Mvua ikinyesha inazama. Akina mama waliteremka bondeni alfajiri na kupanda tena na maji kichwani, hadi mradi wa Makonde ulipoanza kuyasukuma juu kwa mashine miaka ya 1950. Hata sasa ukipita mitaani angalia mapaa: mfereji wa bati pembeni, na chini yake tangi la saruji linalosubiri masika.

Basi kwa nini hawakuhamia mtoni? Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alizunguka huku mwaka 1906 na kusimuliwa asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza aliishi porini peke yake. Akachonga mti kwa umbo la mwanamke, na usiku ule kinyago kikawa mtu, akawa mkewe. Walizaa karibu na Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbemkuru, wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu alizaliwa Mahuta, juu uwandani, akaishi. Baba akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, maana huko kuna maradhi na mauti. Aliyewahi kuugua malaria hatamcheka baba yule. Na kabila linalosifika duniani kwa vinyago vya mpingo, kumbe bibi yao mwenyewe alichongwa!

Wageni walioutamani mto nao uliwashinda. Livingstone alikuja na meli Pioneer mwaka 1861 akitafuta njia ya kwenda Ziwa Nyasa. Maji yalipopungua akageuza. Alirudi 1862 kwa mashua, akakwama tena. Rhine ya Ulaya ni mpaka na barabara ya mizigo kwa pamoja. Ruvuma ilikataa kuwa barabara, na umpaka wenyewe ilibebeshwa mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipokubaliana huko kwao. Wamakonde wakajikuta pande zote mbili.

Tangu hapo sifa ya mto huu ni kuvukwa. Novemba 1917 kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck, akiwakimbia Waingereza, alivukia Ngomano, mto Lugenda unapoingia Ruvuma, akawapiga Wareno na kujipatia bunduki na chakula chao. Kuanzia 1964 walivuka wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, baadaye wakiwemo waliofunzwa Nachingwea, na Mei 1975 kiongozi wao Samora Machel akaanzia Ruvuma ziara yake ya ushindi hadi Maputo. Leo karibu na Ngomano hiyohiyo, pale Mtambaswala, lipo Daraja la Umoja, mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Jiwe la msingi aliliweka Rais Mkapa wa Tanzania pamoja na Guebuza wa Msumbiji, miaka mitano kabla; Mkapa alikuwa mtu wa Lupaso, Masasi, na ndiko alikozikwa.

Daraja ni zuri, sikatai, lakini ukisimama juu yake unaona nguzo, mchanga na malori. Mwenye siku moja tu apande Newala. Asubuhi ukungu huweza kulifunika bonde lote, kwa hiyo afike alasiri, anunue korosho za kukaanga njiani, na awe mwangalifu ukingoni.