Tuwatembelee Wangali Wazima

Ndugu msomaji, wewe unayeishi katika miji yetu ya migodi, jiulize neno moja: mara ya mwisho watu wa nyumba yako walipovuka mpaka kwenda kwa jamaa, walikwenda kwa ajili ya nini? Wengi watajibu: kwa kilio. Simu inalia usiku, "fulani hayuko tena", na kesho yake watu wanachanga franga, wanapanda gari, wanalala chini kwenye matanga, wanarudi. Alipokuwa mzima nauli ilikosekana. Alipokufa nauli ikapatikana.

Jamaa zetu walio Zambia si wageni kwetu. Mpaka huu ulipatanwa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Katika sehemu zetu unafuata mgongo wa inchi: maji yanayoteremka upande huu yanakwenda mto Congo, na yanayoteremka upande ule yanakwenda Kafue na Zambezi. Waliopatana hawakuuliza nani ni mtoto wa nani, na Walamba wakajikuta pande mbili. Kisha ikaja kazi ya shaba. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichukua wafanyakazi wengi kutoka kusini. Na migodi ya kule ilipofunguliwa, miaka ya 1920 na 1930, wengi walikwenda kutafuta kazi upande ule. Ndiyo sababu hata maneno yetu ni ya jamaa moja: hii tunayoita kinga, Wabemba wanaiita incinga.

Mwaka 2018, wakati wa kiangazi, bibi yangu na mimi tulipanga kwenda Chililabombwe kumwona yaya yake, mjane wa mfanyakazi wa mgodi. Hakukuwa kilio wala ndoa. Tulipohesabu nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, tukaona ni pesa ya masomo ya watoto. Bibi yangu akasema: "Kinga iko, miguu iko. Tunangoja nini tena?"

Toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90. Kinga yetu ilikuwa moja. Mahali pa tambarare nilimbeba kwenye kiti cha nyuma. Mahali pa kupanda tulishuka wote wawili, mimi nikashika usukani, yeye akasukuma nyuma. Wabeba makala, ambao wanajua barabara ile kuliko sisi wote, walitupa shauri: "Pasta, usishindane na mulima. Ushuke mbele ya kuchoka." Tulilitii shauri lile, tukalala njiani kwa ndugu wa kanisa, na siku ya pili tukafika mpakani. Malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu usioonekana mwisho. Sisi tulipita kando yao polepole, tukaonyesha karatasi zetu, tukavuka.

Upande ule kuna jambo la kuangalia sana. Huku kwetu magari yanashika mkono wa kuume. Zambia yanashika mkono wa kushoto. Bibi yangu aliruka chini, akasema: "Hapa tutembee kwanza, mpaka macho yazoee." Basi sehemu kubwa ya njia ile tulikwenda kwa miguu, tukisukuma kinga, tukizungumza. Nyumbani, kati ya kazi na watoto na wageni, ni lini mume na mke wanapata siku mbili za kuzungumza?

Tulifika jua likishuka. Yaya alikuwa anafagia uwanja. Alipotuona, ufagio ulianguka, akaweka mikono juu ya kichwa, akalia kwa nguvu: "Nani alikufa? Musinifiche! Nani alikufa?" Majirani wakaanza kutoka nyumbani mwao. Bibi yangu alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili: "Hapana, yaya. Hakuna mutu alikufa. Tulikuja kukuona tu."

"Kwa kinga?"

"Kwa kinga na kwa miguu."

Hakuamini. Aliangalia nyuma yetu, kama vile kuna mzee anayekuja na habari yenyewe. Tulikula bukari, tukaomba, na usiku akamwita mdogo wake pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini: "Sasa uniambie ukweli." Ilikuwa siku ya tatu ndipo moyo wake ulipotulia, naye akaanza kusema mambo yake. Miguu ilikuwa inavimba tangu mvua zilizopita, naye hakumwambia mtu, kwa maana kwenye simu unite ni chache na kwenye kilio watu wanazungumza habari za marehemu. Kesho yake bibi yangu alimpeleka kwa daktari.

Wapendwa, Maria hakungoja kilio ili aende kwa Elisabeti katika inchi ya milima. Alikwenda wakati wa furaha, akakaa naye karibu miezi mitatu.

Vijana, mkitaka kufanya safari kama hii, jitengenezeni vizuri. Chukueni karatasi za safari na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Bebeni pompi, viraka vya mpira na maji. Msitembee barabarani usiku. Ulizeni kwanza habari za mpaka: mwezi wa 8 mwaka 2024 Zambia iliufunga siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara, na wasafiri wakakwama. Zawadi isiwazuie. Kitenge kimoja kinatosha, na kama hakuna kitenge, nendeni mikono mitupu.

Ndugu msomaji, chagua leo jina la mmoja wa jamaa zako walio mbali, na kabla ya mvua kuanza uwe umefika kwake. Nawe ukikaribia mlango wake, usinyamaze. Piga sauti ukingali mbali: "Amani! Hakuna kilio! Tumekuja kukusalimu!"