Mwigizaji Aliyejua Mahali pa Kupumua

Miongoni mwa watunzi wetu ipo dharau moja ya chinichini, ambayo husikika zaidi katika mazungumzo ya pembeni kuliko katika maandishi. Inasema kwamba mtu anayeichukua riwaya ya mwingine na kuigeuza kuwa tamthilia au filamu si mtunzi hasa, bali ni fundi wa kukarabati. Mtunzi wa kweli ni yule aliyeanza na karatasi tupu. Sikubaliani na hukumu hiyo, na shahidi ninayemleta ni Mwingereza Emma Thompson, ambaye wengi wanamjua kwa sura na wachache wanamjua kwa kalamu.

Alizaliwa London mwaka 1959 katika nyumba ya waigizaji. Mama yake, Phyllida Law, ni Mskoti aliyeishi kwa jukwaa. Baba yake, Eric Thompson, anastahili tumtazame kidogo, kwa kuwa kisa chake kinawahusu sana wapenda lugha. Katika miaka ya 1960 shirika la utangazaji la BBC lilipata kutoka Ufaransa mfululizo wa filamu fupi za vikaragosi vya watoto, naye akatakiwa aziandalie maneno ya Kiingereza na kuyasoma. Hakuyafuata maneno ya Kifaransa hata kidogo. Alizitazama picha, akaangalia nani anaingia na nani anatoka, kisha akatunga hadithi zake mwenyewe, zenye wahusika wenye majina mapya, tabia mpya na mizaha ya Kiingereza. Hiyo ndiyo The Magic Roundabout, ambayo Waingereza wa rika fulani wanaikumbuka kama mali yao ya asili. Sasa mtu huyo tumwite mfasiri au mtunzi? Binti yake alikulia katika nyumba ambamo swali hilo halikuwa na uzito wowote.

Alisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Newnham, Cambridge, akajiunga na kikundi cha wachekeshaji cha Footlights pamoja na Hugh Laurie na Stephen Fry. Mwaka 1981 onyesho lao lilipata tuzo ya kwanza ya Perrier huko Edinburgh. Mwaka 1985 alikuwa London akiimba na kucheza katika Me and My Girl, na tamthilia mbili za runinga za mwaka 1987, Tutti Frutti na Fortunes of War, zikamletea tuzo ya BAFTA. Hayo yote ni ya mwigizaji anayepanda ngazi, na sina haja ya kuyarefusha.

Ninachotaka tukitazame kwa makini ni mwaka 1988. Mwaka huo BBC ilimpa kipindi chake mwenyewe, kilichoitwa Thompson, naye akakiandika: vichekesho vifupi, nyimbo, mazungumzo ya wanawake. Wahakiki walikipiga vibaya. Kilikoma baada ya msimu mmoja, na kwa desturi ya mambo hayo mwandishi angerudi kwenye uigizaji, ambako alikuwa akipendwa, asiiguse kalamu tena. Lakini mtayarishaji wa filamu wa Kimarekani, Lindsay Doran, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimtafuta mtu wa kuigeuza riwaya ya Jane Austen, Sense and Sensibility, alivitazama vichekesho hivyohivyo akaona kitu ambacho wahakiki hawakukiona: mwandishi anayeweza kuchekesha na kuumiza katika sentensi moja, kwa lugha yenye adabu. Akampa kazi mtu ambaye hakuwahi kuandika filamu hata moja.

Kazi ilichukua miaka kama mitano, rasimu juu ya rasimu. Katikati ya miaka hiyo alipata Oscar ya uigizaji kwa Howards End, filamu ya 1992, lakini mswada ulikuwa bado mezani. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi kompyuta ilivyougeuza mswada mzima kuwa alama zisizosomeka, akaibeba kompyuta hiyo hadi kwa Stephen Fry, ambaye alihangaika nayo kwa saa saba hadi maneno yakarudi. Kila aliyewahi kupoteza daftari la mashairi atamhurumia.

Filamu ilitoka mwaka 1995 chini ya uongozi wa Ang Lee wa Taiwan, na mwaka uliofuata Thompson akapokea Oscar ya uandishi. Hadi sasa ndiye mtu pekee aliyepata tuzo hiyo kwa uigizaji na pia kwa uandishi. Ila tuzo si hoja; tuingie ndani ya mswada wenyewe.

Katika riwaya, mdogo wa mwisho wa kina Dashwood, Margaret, karibu hana kazi. Thompson akampa uhai. Kuna mandhari ambamo mtoto huyo, akiwa na huzuni ya kufiwa na baba, amejificha chini ya meza katika maktaba. Elinor na Edward wanamtambua, lakini hawamwiti. Wanaanza kubishana kwa makusudi juu ya chanzo cha Mto Nile, wakikihamisha hadi bara lisilohusika kabisa, mpaka mtoto anashindwa kuvumilia ujinga wao na anatoka mafichoni kuwasahihisha: Nile inatoka Uhabeshi. Sisi tunaolijua Ziwa Nyanza na maporomoko ya Jinja tutatabasamu mara ya pili, maana katika siku za Austen Waingereza walikuwa bado hawajaliona ziwa hilo, na jibu la mtoto lilikuwa ndilo elimu ya wakati wake. Mandhari hiyo haimo kitabuni. Na bado watu hutoka kwenye filamu hiyo wakiwa na hakika kwamba ni ya Austen, kwa kuwa sauti ni yake.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mwishoni mwa riwaya, Elinor anapojua kwamba Edward hakuoa, anatoka chumbani karibu mbio, na mlango ukiisha kufungwa ndipo anapolia. Austen aliyaweka machozi hayo nyuma ya mlango, na kalamu ina ruhusa hiyo. Thompson, ambaye mwenyewe ndiye aliyemwigiza Elinor, alijua kwamba mtazamaji amengoja saa mbili kuona ukuta huo ukibomoka. Katika filamu kilio kinamtoka Elinor palepale, mbele ya Edward, kwa sauti mbaya isiyo na urembo, kama kwikwi ya mtu aliyezibwa pumzi. Mwandishi aliyejifunza uandishi vitabuni tu asingethubutu kuliacha tukio zito namna hiyo bila maneno. Huyu alithubutu kwa sababu alijua mwili unaweza kusema nini maneno yakinyamaza.

Hapa ndipo ninapowajia watunzi wenzangu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka kustaafu, na nimeona vijana wengi wakihesabu mizani kwa vidole kama wauza maandazi wanaohesabu chenji. Mizani inatimia, vina vinatimia, na shairi halipumui, kwa kuwa mtunzi hakulitamka hata mara moja. Katika mshororo wa mizani 16 tunaweka mkato baada ya ya nane. Wengi wanaudhani ni mpaka wa hesabu. Ule ni mahali pa pumzi. Kifua kinapumzika pale ili kipande cha pili kiwe na nguvu ya kujibu cha kwanza.

Kwa mkato huohuo nafika kwenye kazi ya Thompson ninayoipenda kuliko zote, Wit, filamu ya runinga ya mwaka 2001, aliyoandika pamoja na mwongozaji Mike Nichols kutokana na tamthilia ya Margaret Edson. Edson alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, jambo linalonifurahisha kupita kiasi. Mhusika mkuu ni Vivian Bearing, profesa mtaalamu wa mashairi ya John Donne, anayekufa kwa saratani ya ovari. Thompson mwenyewe ndiye anayemwigiza. Vivian anakumbuka alivyokuwa mwanafunzi, mwalimu wake akamrudishia insha kwa sababu ametumia chapa mbovu ya soneti moja ya Donne kuhusu mauti, iliyowekwa nukta mkato na alama ya mshangao. Chapa sahihi ina mkato tu. Kwa mwalimu yule hilo halikuwa jambo dogo: baina ya uhai na mauti mshairi hakujenga boma, ameweka kituo cha pumzi moja.

Niliitazama filamu hiyo mwaka ambao nilikuwa nimemuuguza dada yangu. Madaktari walikizunguka kitanda chake wakisemezana Kiingereza cha kitabibu, naye, aliyekuwa akizijua tenzi ndefu kwa moyo, alinigeukia akauliza, "Mwalimu, wamesema nini?" Vivian anayajua maneno yote ya madaktari wake, tena anayapenda kama maneno, na bado wanamsema juu ya kichwa chake vilevile. Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo likisemwa kwa usahihi namna hiyo.

Karibu na mwisho, mwalimu wa zamani anakuja kumwona. Anajitolea kumsomea Donne, mgonjwa anakataa. Basi mzee yule anavua viatu, anapanda kitandani, na kumsomea kitabu cha watoto kuhusu kisungura anayetaka kumtoroka mama yake. Hapa Thompson, mwandishi na mwigizaji, hana neno hata moja la kusema ila kuguna. Kisha mgonjwa anakufa. Katika tamthilia, Vivian huinuka kitandani na kuielekea nuru. Katika filamu mwili unabaki pale ulipo, na juu yake tunaisikia sauti ya Thompson ikiisoma soneti ileile polepole, mpaka inapofika kwenye mkato, ikapumua, ikaendelea.