Ulinizika kwa Karatasi



Mwaka 2021 mjomba wangu alilazwa hospitalini hapa Bukavu kwa ugonjwa wa korona. Siku ya pili nilikabidhiwa karatasi ya maabara nimpelekee daktari. Njiani niliisoma: CRP 148, na pembeni imeandikwa kwamba kawaida ni chini ya 10. Sikungoja maelezo. Nilimpigia mama simu, nikamwambia awaite ndugu, kwani kaka yake hana tumaini. Jioni ile vilio vilianza nyumbani.

Daktari alinifafanulia nisilolijua. CRP ni protini ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unapopambana na maradhi au jeraha. Mapambano hayo ni kinga yetu. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa wa korona huvuka mpaka, kama moto uliowashwa kuchoma magugu ukafika nyumbani. Mapafu huvimba, pumzi hupungua. Ndiyo maana namba kubwa huwatia madaktari wasiwasi: wagonjwa wenye namba hizo, kwa jumla, huzidiwa na kufa zaidi kuliko wengine.

“Lakini,” akasema, “karatasi hii inaniagiza nimwangalie kwa makini. Hainiambii kwamba atakufa.”

Kwa kuwa mjomba alikuwa akipewa oksijeni, alianzishiwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliopumua kwa mashine, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa.

Niliyasikia hayo yote, lakini moyoni nilikwisha kumzika.

Siku ya sita namba ilishuka hadi 61, na baadaye mjomba akarudi nyumbani. Mzee wa kitanda cha jirani, ambaye mwanawe alinionyesha namba ndogo kuliko yetu, hakurudi.

Mjomba alipopata habari za simu yangu alicheka, kisha akanyamaza. “Mpwa wangu,” akasema, “ulinizika kwa karatasi.”

Neno hilo lingali linaniuma. Siku zile nilizomhesabu kuwa marehemu, sikumwuliza hata mara moja kama ana kiu.

Tukipokea karatasi ya mgonjwa wetu, tumwulize daktari maana yake, kisha turudi kuketi kando ya kitanda.