Namanga, Mji Uliozaliwa na Mpaka

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya kusini hupita Kitengela na Kajiado, na baada ya kilomita 160 hivi huona mbele yake mlima mkubwa wenye msitu. Wamasai huuita Ol Doinyo Orok, yaani Mlima Mweusi, na kimo chake chapita mita 2,500. Chini yake ndipo ulipo mji wa Namanga, upande mmoja Kenya, upande wa pili Tanzania.

Mji huu haukukua kwa wingi wa mavuno, kwani nchi yake ni kavu, nayo yafaa mifugo kuliko jembe. Uliletwa na mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya kugawana nchi, tangu mlango wa mto Umba hadi ziwa Victoria. Wamasai hawakuulizwa, na watu wa kabila moja wakawekwa chini ya serikali mbili. Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yalitoka Namanga kwenda kuwashambulia Wajerumani katika mlima Longido, yakarudishwa nyuma.

Shida haikwisha kwa kuondoka wageni. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka ulifungwa, usifunguliwe hadi 1983. Na ng'ombe hufuata majani, kama majani yafuatavyo mvua. Hivyo mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,000 wa wafugaji wa Kajiado walikamatwa upande wa Tanzania, wakapigwa mnada. Machi 2021 malori ya mahindi yalikwama Namanga, Kenya ilipozuia mahindi ya jirani kwa kuhofia sumu ya kuvu. Mkulima wa Tanzania na mnunuzi wa Kenya waliumia pamoja.

Hata hivyo liko jambo la kutia moyo. Desemba 2018 marais wa nchi hizi mbili walifungua kituo cha pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja tu. Kina mama wa Kimasai huuza shanga zao kwa wapitao, na jamaa za pande zote mbili huoana na kuzikana.

Urithi wa Namanga, basi, si majumba ya mawe. Ni ujirani uliokuwapo kabla ya mpaka, nao wahitaji kutunzwa kama msitu wa mlima ule.