Alama za Uso

Mbalanga hauumi. Hauambukizi, hauui, wala haumzuii mtu kulima au kusoma. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi hushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, nazo zikifa, mahali pale huwa peupe kama chaki. Kwa upande wa mwili ni hayo tu. Kwa upande wa watu ni habari nyingine. Kwetu pwani wazee waliuchanganya na ukoma, wakamtengea mgonjwa kikombe chake, ingawa doa la ukoma hufa ganzi na la mbalanga huhisi hata unyoya ukipita. Siku hizi watu wanauchanganya na mkorogo, na hilo humuumiza zaidi mwanamke, kwani huhesabiwa kuwa amejitakia.

Mjukuu wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kuota mabaka kuzunguka macho na mdomo. Watoto wa darasa la pili hawana hila. Walimwuliza, "Mwalimu, uji ulikuunguza?" Alicheka nao. Wazazi hawakuuliza kitu, ila wawili waliomba watoto wao wahamishiwe mkondo mwingine. Daktari wa ngozi alimwandikia takrolimasi ya kupaka, akamwambia asihukumu kabla ya miezi sita. Mwezi wa nne alinijia na tyubu mkononi.

"Babu, nimechoka. Kila asubuhi najitazama kwenye kioo, sioni tofauti. Pesa zinakwenda bure."

Kaka yake, anayesoma kompyuta chuoni, akadakia kwamba kioo si shahidi. Tangu siku ya kwanza ya dawa alikuwa akimpiga picha kila mwanzo wa mwezi: dirisha lile lile, saa nne asubuhi, pazia jeupe, kidevu juu ya rundo la vitabu vyangu, na kadi ya kijivu kando ya shavu ili rangi zilinganishwe. Picha tatu, mbele na pande mbili, maana uso si ubao. Shavu linalopinda kuelekea sikioni huonekana dogo kuliko lilivyo. Kisha programu hupima.

Madaktari wanacho kipimo chao, VASI, kilichotangazwa mwaka 2004. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake huhesabiwa takribani asilimia moja ya ngozi yote, halafu daktari hukadiria kwa jicho rangi iliyopotea ni kiasi gani: 10, 25, 50, 75, 90 au 100. Kipimo hicho, kwa uso peke yake, ndicho kilichotumika kuijaribu dawa ya ruksolitinibu, ambayo Marekani iliiidhinisha kwa mbalanga Julai 2022. Baada ya wiki 24, takribani watu 30 katika 100 waliopaka dawa hiyo kipimo chao kilishuka kwa robo tatu au zaidi. Miongoni mwa waliopewa mafuta yasiyo na dawa, walikuwa kati ya 7 na 11.

Aliyewahi kukaa kwenye paneli ya kusahihisha insha atatambua taabu iliyopo hapa. Karatasi moja, wasahihishaji wawili, mwongozo mmoja. Huyu anatoa 12, yule 16, na wote ni waaminifu. Jicho la asubuhi si jicho la saa kumi jioni. Aidha, rangi iliyopotea ikipungua kutoka 45 hadi 40, ngazi ile haina mahali pa kuliandika jambo hilo.

Mashine huenda kwa njia nyingine. Hutafuta uso ulipo, huondoa macho, midomo na nywele, kisha hupitia picha nukta kwa nukta na kuamua kila moja ina rangi au haina. Mwisho ni kugawanya tu, hesabu ya darasa la sita. Lakini imejifunza kutokana na picha ambazo madaktari walizichorea mipaka kwa mkono. Kwa hiyo mwalimu wake ni jicho lile lile; haikushuka mbinguni. Tena jasho likimeta kwenye paji la uso, yaweza kuuhesabu mng'ao kuwa doa.

Na ilifundishwa kwa nyuso za akina nani? Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu mitambo mitatu ya kutambua jinsia kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika 34.7. Sikushangaa. Ninazo picha za rangi za mahafali ambamo vijana wangu wameonekana meno na kola tu.

Hata hivyo ile hesabu ilisaidia. Mwezi wa kwanza 14 katika mia, wa nne 11. Kijana akaikuza picha, akamwonyesha dada yake vidoadoa vyeusi kama punje za ulezi ndani ya weupe. Rangi hurudi hivyo, kupitia vinyweleo, na ndiyo sababu uso hupona upesi kuliko vidole.

"Mimi nilidhani ni vipele," alisema. Akairudisha tyubu mkobani.

Mwezi wa sita ikapanda hadi 12. Alikuwa ameshinda wiki nzima uwanjani na watoto wa UMITASHUMTA. Jua liliiunguza ngozi nzima, na mabaka hafifu yaliyokuwa yamejificha yakajitokeza. Kijana alieleza, nami nikaeleza, lakini Jumatatu hakwenda kazini, jambo ambalo baka lenyewe halikuwahi kumfanyia. Nikamwambia kijana kuwa alama hazisomwi mbele ya mwanafunzi kila wiki. Zinapelekwa kwa anayejua la kufanya nazo. Alininung'unikia kidogo, akidai kuwa takwimu ni za mwenye uso. Ana haki, nami nilimjibu tumwulize mwenye uso.

Mwenye uso alisema picha ziendelee, tarakimu zifichwe. Ya mwezi wa saba imo katika bahasha, imefungwa kwa lakiri kama karatasi za mtihani, kabatini mwangu. Miadi ya daktari ni Alhamisi.